Kamba

Kabla ya mapambazuko nilikuwa kwenye staha ya Bi Nhàn,
ghuba ya Luiziana imelala kama sahani ya bati,
rula mkononi, daftari la serikali ya jimbo kwapani.
Wavu ukapanda, ukatapika mezani.
Kamba: kilo kumi na moja.
Waliobaki sikuweza kuwahesabu kwa macho,
samaki wachanga, urefu wa kidole, wengi wamekwisha kufa,
na kaa mmoja aliyeng'ang'ania glovu yangu
kama mtu mwenye kesi.

Bi Nhàn hakunitazama.
"Andika," akasema. "Andika pia bei ya dizeli.
Andika kamba wa kufugwa wanaoshuka melini
wamegandishwa, bei yao chini ya barafu yangu."
Nikamwambia fomu haina nafasi hiyo.
Akacheka, akawasukuma wachanga majini kwa ufagio,
na shakwe wakashukia riziki.

Alasiri, Baton Rouge, mbele ya kamati, koti la kuazima,
nikamsikiliza Daktari Guidroz, mng'oa meno,
mwenye mashua ya injini tatu,
akitaka nyavu zisogezwe nusu maili kutoka ufukweni.
"Baba alinifundisha kutupa mshipi pale pale.
Sasa mjukuu wangu anatupa, anavuta, anavuta maji."
Sauti ikamkatika. Hilo sikulitarajia.
Nilikuwa nimepanga kumchukia, ingekuwa rahisi.

Mwenyekiti akauliza: na wewe mwenye rula?
Nikasoma tarakimu. Wachanga wanafia wavuni, ndiyo.
Lakini yule mwekundu mwenye doa mkiani,
mkubwa, mzazi, anayepigwa picha kisha kuliwa,
huyo amemalizwa na ndoano.
Ukumbi wote ukaninunia, kushoto na kulia,
jambo la kwanza walilokubaliana siku ile.

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Mbao, sawa. Maji je?
Wakapiga kura: robo maili, si nusu,
samaki watatu kwa siku, si watano,
mwezi mmoja wa kufunga, na ugomvi mpya ni mwezi upi.
Kila upande ukatoka ukisema umeibiwa.
Naambiwa huo ndio usawa.
Mimi niliona watu wakivutana kamba,
na kamba hukatikia pabovu.

Usiku, nikiosha glovu,
nikamkuta mmoja amekwama kwenye mkunjo wa kidole gumba.
Sentimita sita. Jicho wazi.
Daftari nilikuwa nimeshalifunga.
Nikalifungua.