Nitajie Jina Langu

Taa ilikuwa ya kijani.
Hiyo ndiyo iliyotudanganya usiku kucha.

Mimi Kirumba, chumba cha mitambo nyuma ya ghala la dagaa,
koti begani, feni inakoroma;
Bituro yuko Nansio, ng'ambo ya maji,
anaapa kwenye simu: "Huku safi. Nakupata vizuri."
Unanipata, sawa.
Mimi sijakupata tangu saa nne.

Nyuzi ni mbili, nyembamba kama unywele wa kichanga:
mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia.
Wa kusikia umekatika,
na kile kigeuzi cha bei chee tulichofunga katikati
huwaka ilimradi kina umeme,
kama mgeni anayeitikia "naam, naam"
kwa lugha asiyoijua.

Swichi yangu, isiposikia jirani, ikajiona mjane,
ikafungua mlango wa akiba, wa Sengerema.
Pakiti zikaanza kuzunguka:
Kirumba, Nansio, Sengerema, Kirumba,
hazifiki, hazifi.
Majibu ya maabara ya kisiwani yamo humo,
damu ya mtu fulani inazungushwa
na mtu mwenyewe amelala kwenye benchi anangoja.

Kwetu Magu salamu haiishi kwa "mwangaluka".
Bibi atakuuliza: wewe wa nani?
Ukijibu, atalirudisha jina la baba yako polepole,
alitafune, ndipo akupe kigoda.
Asipolirudisha, ujue hakukusikia;
usikae.

Basi saa kumi nikaandika sharti, nikaliweka pande zote mbili:
kila sekunde kumi na tano taja jina lako
na jina la uliyemsikia.
Nikisikia kimya, au nikisikia salamu
isiyo na jina langu ndani yake,
ninafunga mlango. Siulizi taa.

Ikafunga.
Mzunguko ukakatika kama pumzi,
majibu yakapita Sengerema, taratibu, yakafika.
Simu ikaita: "Umekata! Huku giza kabisa!"
"Ndiyo," nikasema. "Sasa taa inasema kweli."

Kulipopambazuka akaenda gatini, akafunua kisanduku.
Panya. Kinyesi, magamba ya furu,
na uzi mmoja umetafunwa kwa ustadi,
wa pili haukuguswa.

Alipounga, hakuniambia kuwa ni salama.
Alisema, "Nyanzobe."
Nikasema, "Bituro."
Honi ya kivuko ikapiga katikati yetu,
ikabidi tuanze tena.