Unga wa Saa Tisa

Mama huamka saa tisa kuangalia unga wa vitumbua.
Saa hiyo mimi bado sijalala,
chumba cha uani, Manzese Midizini,
feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile,
na kompyuta ya kuazima chuoni, betri yake ilishakufa,
inahesabu.

Tunahangaikia kitu kimoja, hatuambiani.
Yeye kijiko cha hamira.
Mimi jeni elfu sita za hamira:
ipi imesema, ipi imenyamaza,
sukari ilipokwisha, chumvi ilipozidi,
joto lilipopanda kama Februari hii isiyo na haya.

Kila jeni nimeipa nukta.
Zinazopanda pamoja, zikashuka pamoja,
nimezifunga kwa mstari,
hata kioo kimejaa utando
kama daftari la upatu la Mama Chausiku:
nani kampa nani, nani anamngoja nani,
mtoe huyu mmoja, mtaa mzima haulipani.

Lakini iko moja pembeni.
Haina jina, ina namba tu.
Majaribio arobaini na matatu, kimya.
Dokta Kyaruzi aliizungushia wino mwekundu:
*Hii haina kazi. Ondoa.*
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe

nikamkumbuka Bi Sikudhani wa nyumba ya tatu.
Upatu hachezi, harusini haji,
salamu yake ni kope tu.
Hadi usiku ule maji yalipoangusha ukuta wa kina Tabu:
tulimkuta yumo, maji kifuani,
anapitisha watoto dirishani mmoja mmoja,
anawaita kwa majina.
Majina yote.
Kumbe alikuwa anayajua.

Jaribio lililobaki ni la joto kali.
Nikalifungua. Mstari wa namba ile ukaanza kuchorwa,
ukalala, ukalala, ukainua kichwa —

giza.

"Luku hiyo," Mama akasema kutoka jikoni. "Una hata buku?"
Sina.
Nikamsikia akipapasa, akifunua sufuria,
akichovya kidole asichokiona.
"Umeumuka," akasema. "Leo umewahi. Joto hili."

Nimekaa na kioo cheusi mapajani,
jasho linanitiririka hadi kwenye herufi.
Sijui ile namba ilikuwa inataka kusema nini.
Jikoni karai limeanza kulia mafuta.
Sijaifuta.