Haipakatiki Tena

Februari, Kutaisi, ghorofa ya tano.
Otia ameilaza laptopu ya kaka yake
kifudifudi juu ya taulo, kama mgonjwa wa mgongo,
skrubu kumi na moja kwenye kisosi cha chai.

Chipu ya michoro iliungua Novemba.
Fundi wa sokoni alisema: tupa.
Otia hakutupa. Zviadi yuko Gdansk,
anapanga masanduku ghalani, na kila Jumapili huuliza:
bado inapumua?

Kadi kainunua kwa jirani, Shota,
aliyeizeesha garajini
ikichimbishwa sarafu zisizoshikika.
Nzito kama tofali, feni tatu,
moja inakohoa.

Anang'oa diski ya pili, anachomeka utepe wa waya mahali pake.
Kifuniko hakifungi. Anashika msumeno.
Bibi Nazibrola mlangoni, shali mabegani:
"Unaichinja?"
"Naitoboa dirisha, bibi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila mgeni huyu kaja na pawasaplai yake,
na bili ya umeme ni ya bibi.

Anawasha. Giza.
Anawasha. Feni zinazunguka, zinakata tamaa.
Mara ya nne, saa tisa usiku,
kioo kinatoa mlima,
kila jiwe na kivuli chake.

Anampigia Zviadi, anamwonyesha:
utumbo nje, nyaya mezani, tofali likivuma.
Zviadi anacheka, halafu kimya.
Aliwahi kuipakata njia nzima, treni ya Batumi.

"Iache hapo hapo," anasema.
"Isiende popote. Nitaikuta."