Swali la Kwanza

Nilimsomea Kageha swali la kwanza, huko Mudete,
mvua ikipiga bati, fomu nimeikinga kwa leso:
Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa raha
ya kufanya mambo uyapendayo? Mara ngapi?
Akaendelea kupepeta maharagwe.
"Mambo niyapendayo," akasema. "Hebu nitajie moja."

Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Nikatia alama kwenye sifuri, Mungu anisamehe;
nyumba kumi na moja zilikuwa zikinisubiri,
na posho hulipwa kwa fomu, si kwa masikio.

Fomu zikaondoka na gari jeupe. Mwaka ukapita,
chai ikachumwa, ikachipua, ikachumwa.
Huku nyuma kila mtu alikuwa na utafiti wake:
karogwa; ana pepo la kwao; mvivu tu.
Mumewe, Agoi, akauza ndama wa pili kulipia maombi.
Kageha akawa halali usiku, haamki mchana.

Kisha gari likarudi. Hilo hatukulizoea.
Akashuka Daktari Lihavi, viatu mkononi,
tope hadi vifundoni, wala hakuleta fomu.
Alileta majibu yetu, kwa wino mzito,
akayabandika ukutani mwa kanisa
akatuuliza sisi tuliozunguka nayo:
"Nimekosea wapi?"

Nikasimama, magoti yakinicheza.
Nikaungama ile sifuri.

Hakunikaripia. Alikaa kwenye benchi, akauliza,
"Kwani hapa mtu husemaje?"
Tukabishana hadi saa tisa, chai ikapoa,
mpaka muuza omena mmoja, aliyekuja kujikinga mvua,
akasema: "Husema moyo umechacha. Kama uji wa juzi."

Sasa kila Jumanne, chumba kilichokuwa cha vyandarua
kina viti viwili na muuguzi asiyetazama saa.
Dawa huisha. Mwezi jana ziliisha siku tisa,
nami sitawadanganya kwamba hilo limetengenea.
Lakini Agoi huja asubuhi kumshikia mkewe nafasi,
na akiulizwa anaumwa nini, hasemi pepo.
Husema, "Anaumwa," basi, kama asemavyo mwenye malaria.

Siku ile nilirudi kwake na swali jipya:
Kageha, moyo ulichacha lini?

Akauweka ungo chini.
"Wa tatu," akasema. "Alizaliwa hakulia."
Maharagwe yakamwagika, hakuna aliyeyaokota.
Kalamu nilikuwa nimeiacha nyumbani.