Ng'ambo ya Mtaro

Dukani Alba, nyuma ya kioo,
chupa zimelazwa kama watoto wa mfalme,
kila moja na taa yake.
Nikasoma bei ya ile ya mwisho, nikaisoma tena
kwa miwani, nikidhani pana nukta imepotea.
Mia moja na arubaini.
Mimi ni fundi bomba. Kwa hela hiyo
natengeneza bafu la watu, na chenji inabaki.
"Natazama tu," nikamwambia muuzaji,
naye akanipa lile tabasamu
wanalopewa watazamaji.

Rahisi ghali, walionya wahenga,
na mimi nimewaamini: kwa mabomba, kwa viatu,
kwa meno ya bandia ya mama mkwe.
Lakini ghali je? Mbona haina methali yake?

Novemba, ukungu umejaa bondeni hadi ukingoni,
Severina Boggione akanipigia simu:
pampu ya ghala la chini imekufa,
njoo kabla mapipa hayajaanza kuogelea.
Saa tatu nilikuwa mle, maji magotini,
mapipa yakinikodolea macho kama ng'ombe zizini.
Nilipomaliza hakuuliza nadai ngapi.
Alitumbukiza mrija, akavuta,
akamimina katika glasi ya kunywea maji.

Rangi hafifu, wekundu wa tofali kuukuu.
Nikasema moyoni: leo nalipwa suuzo la pipa.
Kisha pua ikaniumbua.
Waridi.
Na chini ya waridi, lami,
lami ya moto ya barabara ya Julai,
ule mwaka nilipokuwa kibarua wa koleo
na Ornella akipita kwa baiskeli bila kunitazama.
Halafu ukakasi ukanishika fizi
kama mtu anayekushika mkono njiani
asikuachie mpaka amalize habari yake.

"Hii ni Barolo," nikasema.
"Si Barolo," akasema, akanitoa nje.

"Unauona mtaro? Ng'ambo ile ndiyo yenye jina.
Huku kwetu ni zabibu tu.
Siku wapimaji walipopita
baba alikuwa kitandani, mapafu yanamkereketa.
Jirani akawapikia chakula cha mchana.
Mstari ukafuata meza."

Mtaro wenyewe, mtoto angeuruka na mkoba wa shule.
Mizabibu imepangana huku na huku,
udongo mmoja, mweupe, unaong'ang'ania buti,
na mizizi, nadhani, huvuka usiku
ikanywe kwa jirani bila kuonyesha pasipoti.

Kumi na moja. Euro kumi na moja kwa chupa.
Nikamuuliza mbona hapandishi.
Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole,
kidole baada ya kidole.
"Baba alikufa akiuonea aibu mtaro huu.
Na mimi niliuonea, miaka mingi.
Baadaye nikaona: wanaonunua ng'ambo ile hawanywi.
Wanaweka. Wanahesabu. Wanauziana.
Nikipandisha, nitakunywa na nani?"

Nikabeba sita, katikati ya spana na mipira ya koki.
Ziache mpaka Pasaka, alinionya, bado zina hasira.
Sikuziacha. Jumapili ileile
Ornella alipika nyama ya shavu la ng'ombe,
na ya kwanza ikatukwaruza kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Tukaifunika kwa kitambaa, tukalala.
Kesho yake jioni ilikuwa imetulia,
imekaa mezani kama mgeni aliyekwisha kuvua koti,
na Ornella, asiyesifu kitu,
alisogeza glasi yake kwangu mara ya pili
akaangalia dirishani.

Chema chajiuza, wasema.
Hiki hakijui kujiuza. Kimejikalia gizani
kinangoja pampu iharibike.

Imebaki chupa moja, nyuma ya boila.
Na pampu ile, mwezi wa tano huu,
haijakohoa hata mara moja:
niliifunga vizuri mno, najilaumu.
Jumamosi nitapita hivyo hivyo, na mkoba wa vifaa.
Akiniuliza nimefuata nini,
nitamwambia natazama tu.