Zulia la Varsenik

Jirani yangu wa juu, Varsenik,
huamka kabla ya jogoo ambaye mtaa wetu hauna,
akalitoa zulia lake roshanini
na kulicharaza
kama mdaiwa sugu.

Vumbi halibishi hodi. Linashuka
mpaka kwenye kamba yangu, kwenye shuka nilizofua jana
kwa maji ya kuchemsha, ndoo kwa ndoo,
maana Januari mabomba ya Gyumri huwa mawe.

Ingekuwa hilo tu, ningenyamaza.
Kanisani husimama nyuma yangu
akimaliza sala nusu neno kabla ya kasisi,
kama anayewahi basi.
Huniuliza bei ya viatu, kisha husema nimepunjwa.
Huazima kikombe cha chumvi, hurudisha nusu,
na nusu nyingine huijaza maneno.

Nimemwombea. Naapa nimemwombea.
Bwana, nilisema, mbariki Varsenik,
mpe nyumba kubwa, yenye bustani,
mbali.
Nikainuka, nikajipangusa magoti,
nikajiona mtakatifu.

Juzi theluji ilikata umeme.
Nikapanda ngazi za nje na shuka kwapani,
kizibiti changu,
na hotuba niliyoinoa siku tatu.

Alifungua kabla sijagonga. Mshumaa mmoja.
Nyuma yake kitanda cha marehemu Hovsep,
kimetandikwa vizuri, hakuna anayekilalia.

"Leo cherehani yako imenyamaza," alisema.
"Siku zake za mwisho hakuwa akilala.
Ulipoanza kushona saa sita za usiku,
kitanda hiki kilitetemeka.
Akaniambia, Varsenik, shuka ukamwambie.
Nikamwambia, yule ana deni la gesi, mwache ashone.
Basi tukawa tunahesabu mishono, mimi na yeye.
Usiku mmoja tulifika elfu nne
ndipo akasinzia."

Nilikuwa nimekula halua ya matanga yake.
Nilikuwa nimempa mkono, nikasema pole,
na usiku uleule nikarudi kushona.

Niliitafuta hotuba yangu.
Ilikuwa imeyeyuka pamoja na theluji ya viatu,
kidimbwi sakafuni,
ambacho Varsenik alinionyesha kwa kidole.
Kisha akalivuta shuka, akalisogeza kwenye mshumaa.
"Chafu," alisema. "Hukufundishwa kufua?"

Nisidanganye kwamba nilibadilika palepale.
Kulipokucha, fimbo ilipolia juu ya kichwa changu,
moyo ulikunja ngumi kama ulivyozoea.
Ila miguu ilikuwa imeshapanda.
Nikashika ncha ya pili ya zulia.
Akasema nashika vibaya.
Tukalikung'uta pamoja, vumbi likanishukia
usoni badala ya kwenye shuka,
na nywele zetu zikawa na rangi moja.

Jioni nikaomba upya, kwa aibu kidogo:
Bwana, lile neno "mbali" nimelifuta.
Bustani, ukipenda, iache.

Nikakunja blanketi, nikalilaza
chini ya miguu ya cherehani,
nikashona taratibu, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Asubuhi mlango ulipigwa kwa ngumi.
Varsenik, macho mekundu, kikombe cha chumvi mkononi,
kimejaa pomoni, cha kwanza tangu nihamie hapa.
"Ulikuwa wapi usiku?" akafoka.
"Nimekesha sina cha kuhesabu."