Siku ya Mazoezi

Kabla Gavana hajafika Mpwapwa
tulimfanyia mazoezi.

Bwana Shauri alikuja na ramani ya uwanja,
kila mtemi na nukta yake,
akatupa mafagio na ndoo tatu za chokaa:
mawe yote ya njiani yawe meupe.
Tukayapaka. Mawe tuliyojikwaa jana tukayatukana
leo yamevaa kanzu, yanatutazama.

Mimi nilikuwa mpanga viti.
Nilipewa karatasi:
vyenye mikono, watemi wa daraja la kwanza;
visivyo na mikono, wa daraja la pili;
benchi la shule, makarani na mwalimu wa misheni.
Vumbi halikuandikwa popote.
Hilo lilikuwa la wengine wote.

Mwaka ule nzige walipita mara mbili.
Uwele ulibaki mabua.
Mama alichemsha mizizi, akamwaga maji ya kwanza,
akachemsha tena, akaonja yeye kwanza, akangoja.
Na mdogo wangu Mbijima, alipoiona chokaa,
alidhani ni unga.
Nilimkuta nyuma ya boma analamba vidole.

Sasa Gavana hayupo, na mazoezi yanataka Gavana.
Hakuna aliyethubutu kukalia kile kiti.
Bwana Shauri akatazama huku na huku,
akaokota debe tupu la mafuta ya taa,
akaliweka juu ya zulia,
akalivika kofia yake.
"Huyu ndiye," akasema.

Mtemi Chidosa,
ambaye babu yake aliombea mvua mabonde manne,
akatembea hatua ishirini zilizopimwa kwa kamba,
akakunja goti mbele ya debe.
"Tena. Polepole zaidi."
Akarudia.
"Tena."
Mara ya tatu upepo ulishuka kutoka Kiboriani
ukapuliza mdomo wa debe, nalo likajibu:
ng'o.

Hakuna aliyecheka. Methali ya debe tupu
tuliijua sote. Tuliimeza.

Kesho yake motokaa zilikuja kutoka stesheni ya Gulwe.
Gavana alikuwa na manyoya meupe kichwani.
Vijana wetu wa ngoma walikwisha kuvuliwa manyoya yao ya mbuni,
yasije yakazidi yake kwa urefu.
Akahutubu. Hotuba ndefu kama mwaka wa njaa;
Hezroni mkalimani akaikamua, yakatoka matone matatu:
Mfalme anawapenda.
Limeni muhogo.
Kodi ni ileile.

Ndipo mzee Ndahani akasimama, hayumo kwenye ramani,
akasema kwa Kigogo habari za vihenge,
na watoto, na ng'ombe waliouzwa kwa bei ya mbuzi.
Alisema mpaka sauti ikamkauka.
Hezroni alitazama viatu vyake,
kisha akatamka neno moja tu la Kizungu.
Sisi tusiokijua tulilielewa,
maana Gavana alitabasamu.

Ikafika zamu ya Chidosa.
Hatua ishirini. Goti lilelile,
kina kilekile, mwendo uleule,
wala hakuongeza chochote kwa ajili ya mtu.
Kutoka vumbini, upande wa wanawake,
mmoja akanong'ona:
ng'o.

Kicheko kilipita uwanjani kama moto kwenye mabua,
safu kwa safu, mpaka kwenye viti vyenye mikono.
Gavana naye akacheka, kwa adabu.
Bwana Shauri aliandika kwenye ripoti
kwamba wenyeji walikuwa na furaha kubwa.
Kwa hilo hakusema uongo.

Jioni nilihesabu viti, vikatimia.
Debe halikuwa kwenye karatasi,
nikampelekea mama.
Alichotea maji kwa miaka kumi na mitatu,
na lilipotoboka akalipandia vitunguu.
Lakini ninachokikumbuka mimi ni kila machweo,
anarudi kutoka kisimani, shingo imenyooka,
anapiga goti mlangoni, analitua taratibu,
maji yakiyumba ndani:

"Shuka, Mtukufu. Tumefika."